Masikio ya Fundi Mtaliano

Kabla sijaenda Waa nilikuwa fundi wa malori. Miaka saba nilifanya kazi kwenye gereji ya kiwanda cha sukari, malori ya kubebea miwa, mitambo mikubwa isiyojali ukiigonga nyundo. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minane, nina mke na watoto wawili Msambweni, na nilidhani kazi ya ufundi nimeshaijua yote.

Mwaka mmoja kabla ya Uhuru, pampu ya maji ya lori moja ilipasuka ganda lake. Ganda lilikuwa la aluminiamu, na pale kiwandani hapakuwa na mtu wa kulichomelea. Msimamizi akaniambia, "Ipeleke Waa, kwa yule Mtaliano."

Nilikuwa nimemsikia. Watu walisema aliletwa nchini wakati wa vita, mfungwa, akiwa kijana mwembamba. Alikaa kambini bara, akapigishwa kazi ya barabara, na vita vilipokwisha wenzake wakapanda meli kurudi kwao, yeye akabaki. Hakuna aliyejua sababu, na mimi sikuwahi kumuuliza. Nilimkuta ndani ya banda la zamani la kukaushia mbata za nazi, hatua chache kutoka barabara ya Likoni. Harufu ya mbata haikutoka mle ndani hadi siku ya mwisho. Ikichanganyika na petroli ilikuwa harufu ambayo mke wangu aliitambua kabla sijabisha hodi.

Ndani mlikuwa na magari matatu, madogo, yamelala chini karibu na ardhi. Sikuwa nimewahi kuona magari ya namna ile kwa karibu. Yeye alikuwa ameinamia injini iliyokuwa ikinguruma, mpira mwembamba ameutia sikioni, ncha ya pili akiihamisha kutoka koo moja la kabureta hadi jingine. Aliponiona hakuniuliza nimefuata nini. Alinipa ule mpira, akasema, "Senti."

"Senti ngapi, Bwana?" nikamuuliza.

Alicheka hata akakaa juu ya gurudumu. Kisha akanieleza, kwa Kiswahili chake cha kambini, kwamba kwao neno hilo ni "sikia". Tena si kusikia kwa masikio peke yake. Ukishika kitu cha moto, ni hilo hilo. Ukiwa na njaa, ni hilo hilo. Nikamwambia hata sisi ni vivyo hivyo: mtu husikia baridi, husikia njaa, husikia uchungu. Jambo hilo lilimpendeza kupita kiasi. Akalirudia mara mbili tatu peke yake, kama mtu aliyeokota kitu chake kilichopotea.

Nikautia mpira sikioni. Injini ile ilikuwa na kabureta mbili, zile zinazochanganya hewa na petroli, na kila kabureta makoo mawili. Kila koo lilikuwa likivuta hewa kwa sauti nyembamba, kama mtu anayevuta pumzi kwenye meno.

"La tatu linavuta kuliko wenzake," nikasema.

Akanitazama. Akachukua bisibisi, akageuza skrubu kidogo sana. "Na sasa?"

"Bado."

Akageuza tena, safari hii kiasi cha upana wa unywele. Sauti zote nne zikawa moja, na ule mngurumo wa injini ukatulia, ukawa laini.

"Hapo," nikasema.

Alinichomelea ganda la pampu. Nilipokuwa naondoka akaniambia kama nimechoka na malori, mlango ni ule ule. Mwezi haukwisha nikawa kwake.

Mtaliano yule alikuwa na sharti moja lililowaudhi majirani: hakutengeneza gari lolote ila la Kitaliano. Watu walikuja na malori ya nazi, na pikipiki, hata mashine ya kusaga, akawarudisha wote kwa adabu. Wenye magari aliyoyataka hawakuwa wengi: wazungu wachache wa mashamba, daktari mmoja wa bara aliyekuja Diani kila msimu kupumzika, na matajiri wawili watatu wa Mombasa. Lakini walitoka mbali, wakangoja, na gari likiingia kwetu lilikaa hata miezi sita.

Nilijifunza upya. Kwenye lori, nati ukiikaza mpaka ikakataa umemaliza. Kwenye magari haya ukiikaza mpaka ikakataa umeshaharibu. Nilijifunza kusugua vali kwa kiganja mpaka ikae kwenye kiti chake bila kupitisha mafuta hata tone. Nilijifunza kunyoosha bati la aluminiamu kwa nyundo ya mbao, nikiwa nimeweka mfuko wa mchanga chini, nikipiga na kupapasa, nikipiga na kupapasa, maana jicho hudanganywa na mwangaza. Yeye alikaa upande wa pili akifanya yake. Siku nyingi tulikuwa hatuneni mpaka saa ya chai.

Uhuru ulipokuja tulifunga gereji siku tatu. Nilikwenda kwetu Msambweni, tukala, tukacheza ngoma. Niliporudi nilimkuta amepaka banda chokaa nje, na juu ya mlango ametundika bendera mpya. Aliitundika kichwa chini. Niliigeuza.

Baada ya hapo wazungu wengi wa mashamba wakaanza kufunga virago. Ndivyo lilivyotufikia gari la Jego.

Lilikuja juu ya lori, limefunikwa turubai. Mwenyewe alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa wa Mombasa, Mhindi wa makamo, mtu wa suruali nyeupe na maneno machache. Alikuwa amelinunua kwa mzungu mmoja wa shamba la minazi kule Jego ambaye alikuwa anaondoka, na kabla ya hapo gari lilikuwa limewekwa ghalani miaka, chini ya makumbi. Tulipovua turubai nilidhani ni mzaha. Chumvi ilikuwa imekula sehemu za chini za milango. Panya walikuwa wamezaa ndani ya kiti. Injini ilikuwa imeshikana kabisa, haigeuki. Rangi yake hata haikujulikana. Ni pale tulipofuta kwa mafuta ya taa ndipo kijani kilipojitokeza, kijani cha jani la mgomba likiwa bado limejikunja.

Mtaliano alilizunguka mara moja. Kisha akaweka kiganja juu ya boneti, akakiacha pale muda mrefu.

"Unaweza?" Mhindi akauliza.

"Mwaka," akasema Mtaliano.

"Haidhuru."

Tulilivunja lote. Kila kipande tulikifungia karatasi, tukaandika. Silinda tulizijaza mafuta ya taa na mafuta ya breki, tukazingoja, kila asubuhi tukijaribu kugeuza kwa mkono. Siku ya kumi na moja injini ilisogea kiasi cha ukucha, na Mtaliano akapiga kelele kama aliyefunga bao. Seremala wa pale Waa alituchongea kalibu ya mvule yenye umbo la bawa la mbele, lile linalofunika gurudumu, na juu yake tukapiga bati jipya. Viti nilivipeleka nyumbani.

Mke wangu alikuwa mshonaji, ana cherehani yake. Alivigeuza vile viti viwili, akavitazama mbele na nyuma.

"Gari zima viti ni hivi tu?"

"Hivi tu."

"Na watoto wakae wapi?"

"Si gari la watoto."

"Basi mtu anapoteza mwaka kutengeneza gari ambalo hata mama yake hawezi kupanda na mkewe kwa pamoja," akasema. Lakini alishona. Ngozi ilikuwa ngumu, ilimvunjia sindano saba, na mistari ya mshono wake ilinyooka kiasi kwamba Mtaliano alipoiona aliomba nimpelekee salamu maalumu.

Ni katika mwaka huo ndipo nilipoanza kugundua.

Mwanzo ilikuwa birika. Tulikuwa na birika la chai lililopiga mluzi maji yakichemka. Mtaliano alikuwa amekaa karibu nalo, mgongo ameligeuzia, anasoma gazeti lililochakaa. Birika likapiga mluzi, likapiga, hakuinua kichwa. Nikainuka nikaliondoa motoni. Nilidhani ana mawazo. Baadaye nikaona akiitwa na mtoto wa seremala mlangoni haitiki, lakini mimi nikimwita kwa sauti yangu nzito anaitika mara moja. Sauti nene zilimfikia. Nyembamba zilikuwa zimeanza kumkimbia.

Na kazi yetu yote ya mwisho ilikuwa kwenye sauti nyembamba.

Nilikuwepo siku alipolitengeneza gari la yule daktari wa bara. Alisikiliza makoo ya kabureta kwa mpira wake kama kawaida, akageuza skrubu, akasema sawa. Mimi nilikuwa nimesimama upande wa pili na bila mpira nilisikia kwamba si sawa. Koo moja lilikuwa likivuta hewa kupita kiasi. Maana yake silinda ile itapata hewa nyingi na petroli kidogo, itawaka moto mkavu, na siku ya safari ndefu itajiunguza yenyewe. Nililijua hilo kwa sababu yeye ndiye aliyenifundisha.

Sikusema. Yeye ni mkubwa wangu, ni mwalimu wangu, na daktari alikuwa amesimama pale pale akitabasamu. Nilijiambia labda nimesikia vibaya.

Wiki tatu hazikutimia, gari likarudi linakokotwa. Pistoni ilikuwa imetoboka katikati, tundu la kuingia kidole gumba. Daktari alikuwa amelala njiani na mkewe mgonjwa wa homa, usiku kucha, kwa sababu ya tundu lile. Mtaliano aliishika pistoni, akaigeuza mkononi.

"Petroli mbaya," akasema. "Siku hizi petroli mbaya sana."

Daktari akakubali. Mimi nikachukua tambara nikajifanya nafuta spana. Nilisikia aibu, na aibu yenyewe ilikuwa yangu mimi, si yake.

Tangu siku ile nikawa nafanya jambo ambalo sikumwambia mtu isipokuwa mke wangu. Mtaliano alikuwa na desturi ya kulala usingizi mfupi lakini mzito baada ya chakula cha mchana, kwenye kitanda cha kamba nyuma ya banda. Kila alipomaliza kurekebisha gari asubuhi, mimi mchana nilifungua boneti, nikaweka mpira sikioni, nikayarudisha makoo yote sawa. Alipoamka aliliwasha gari, akaweka kiganja juu ya injini, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Wateja wakasifu. Yeye akafurahi. Nami nilijiona nimetenda wema.

"Unamfichia au unamwibia?" mke wangu akaniuliza.

"Namwibia nini?"

"Hiyo mimi sijui. Lakini mtu akidhani anaona, na wewe unamwongoza bila yeye kujua, siku ukikosekana atatumbukia shimoni."

Nilimwambia aendelee na mshono wake. Miezi ikapita.

Gari la Jego lilikamilika mwishoni mwa kaskazi. Rangi tuliipaka mara tisa, kila mara tukiisugua kwa msasa wa maji. Injini iliwaka siku ya kwanza kwa mkohoo mmoja tu, na mimi na Mtaliano tukashikana mikono kama watu waliofungisha ndoa. Alitumia asubuhi nzima kwenye zile kabureta, taratibu, jasho linamtiririka kwenye ndevu. Kisha akasema amemaliza, akaenda kulala.

Nilingoja kidogo. Nikafungua boneti, nikaliwasha gari. Yalikuwa yamepotoka yote manne. Nikainama, nikaanza kazi yangu. Nilikuwa kwenye koo la tatu nilipoona kivuli kimeangukia juu ya injini.

Hakuwa amelala. Alikuwa amesimama nyuma yangu hata viatu hakuvaa.

Alizima injini. Akanyoosha kidole kwenye skrubu, akanionyesha. Kwenye kila skrubu palikuwa na alama ndogo ya rangi nyeupe, nukta moja kwenye skrubu na nukta moja pembeni yake. Zilipaswa kukabiliana. Mbili tayari zilikuwa zimeachana.

"Nimeweka alama magari matatu," akasema. "Magari matatu, mchana, alama zinatembea. Tangu lini?"

"Tangu gari la daktari."

Akainama juu ya kabureta. Niliona anahesabu kichwani, anakumbuka pistoni iliyotoboka, anakumbuka yale maneno yake ya petroli mbaya.

"Ile pia ulisikia?"

"Nilisikia, Bwana."

"Kabla haijaondoka hapa?"

"Ndiyo."

Ningeweza kuvumilia kama angenitukana. Alichukua ule mpira mkononi mwangu, akauzungusha vizuri, akautundika kwenye msumari wake. "Nenda nyumbani," akasema. Akafunga boneti.

Nilikaa Msambweni siku nne. Nilipalilia mihogo ambayo haikuwa na magugu. Mke wangu hakunikumbusha alichokuwa amesema, na kwa hilo namshukuru mpaka leo. Mchana wa siku ya tano tukasikia gari dogo linaingia uani, likifuatwa na watoto wa mtaa mzima. Ni yeye. Amevaa shati safi, kofia mkononi, anasimama kama mtu asiyejua aketi wapi.

Mama yangu alikuwa barazani anachambua kunde. Mama alikuwa mzee, na sikio lake la kulia lilikuwa limekufa miaka mingi. La kushoto lilisikia likitaka.

"Shikamoo, Mama," akasema Mtaliano, kwa sauti ya chini, maana alikuwa na haya.

"Sema tena," mama akamjibu. "Sikusikia."

"Shikamoo!"

"Marahaba! Na usisimame upande huo, upande huo hamna mtu! Njoo huku!" Akajipigapiga sikio la kushoto. Mtaliano akazunguka, akaketi kwenye mkeka. "Umetoka wapi?"

"Waa!"

"Nani?"

"Waa! Natoka Waa!"

"Ah, Waa. Ulifikiri nakuuliza nini?"

Mtaliano hakuwa amelisikia hilo la mwisho, maana mama aliinamia kunde zake. Nilimwona anasita. Uso wake ulikuwa unataka kufanya kile ulichozoea, kutabasamu na kutikisa kichwa kana kwamba amesikia. Kisha akajipigapiga sikio kama mama alivyofanya, akasema, "Sema tena, Mama. Mimi pia sikusikia."

"Na wewe huna masikio?"

"Yananiacha!"

"Yangu yalikwenda zamani!" mama akasema, kwa furaha kabisa, kama mtu aliyekutana na mtu wa kijiji chake. "Sasa watu wakisema jambo la maana hulisema mara mbili. Wakisema upuuzi, hulisema mara moja wakachoka."

Waliendelea hivyo, wakipiga makelele, hadi chai ikaletwa. Majirani walidhani kuna ugomvi. Mtaliano alikunywa vikombe viwili, akala mhogo, akamsifu mke wangu kwa mishono ya viti. Hakunitaja hata mara moja. Tulipomsindikiza kwenye gari ndipo aliponigeukia.

"Ungeniambia," akasema.

"Nilishindwa, Bwana. Niliona nitakuvunjia heshima."

"Daktari alilala njiani."

"Najua."

"Mimi nilisema petroli. Wewe hukusema kitu. Tuko wawili." Akavaa kofia. "Kesho mapema. Mhindi anakuja Alhamisi."

Alhamisi Mhindi alikuja na kanzu iliyopigwa pasi na viatu vipya, kama anakwenda kuposa. Gari lilikuwa nje juani. Mtaliano alimwambia kwamba limebaki jambo moja, kulisikiliza mara ya mwisho, na anataka alione likifanywa. Kisha akautoa mpira kwenye msumari akanipa mimi.

Mhindi akatazama. "Huyu?"

"Huyu."

"Mimi nimeleta gari kwako. Kwa mkono wako."

"Mkono wangu upo," Mtaliano akasema. "Masikio yamekwisha. Mwaka mzima anayesikia hapa ni huyu, mimi nilikuwa sijui. Gari zote ulizosifiwa Mombasa, ni sikio lake."

Ilikuwa mara ya kwanza mtu kulisema jambo lile mbele ya mteja. Kumbuka zama zile. Mtu mweusi katika gereji alikuwa wa kushika taa na kusukuma. Mhindi alitazama mikono yangu, akatazama gari. Nilifikiri atalifunika turubai alirudishe kwake. Mwishowe alisogea kando kunipisha.

Nikainama. Mtaliano akasimama ng'ambo ya pili, viganja vyote viwili vimelala juu ya injini. Mimi nilitega sikio, yeye alishika. Nilipogeuza skrubu niliona usoni mwake kwamba anaupata mtetemo unavyobadilika, na mara mbili aliniashiria nirudi nyuma kabla mimi mwenyewe sijawa na hakika. Kazi ambayo peke yangu ilinichukua saa nzima, wawili tuliimaliza kwa robo saa. Toka siku hiyo ndivyo tulivyofanya daima.

"Liendeshe wewe," Mtaliano akaniambia. "Mwonyeshe."

Sikuwa nimeendesha gari kama lile nje ya ua. Mhindi alikaa kushoto, ameshika kofia. Barabara siku zile ilikuwa ya vumbi sehemu kubwa, lakini mvua ilikuwa haijaanza na ilikuwa ngumu. Nililitoa taratibu hadi Ukunda. Baada ya Ukunda nikalikanyaga. Sauti yake ilipanda bila mkwaruzo, gia ikaingia, ikapanda tena, na minazi ya pembeni ikawa ukuta. Kuku walikimbia, mwanamke mmoja mwenye ndoo akasimama akatupungia mkono. Nilisikia mgongo wangu wote umebanwa kwenye ngozi ambayo mke wangu aliishona, na nikajikuta nacheka peke yangu.

Msambweni nilisimama mlangoni kwetu. Mke wangu alitoka akijifuta mikono kwenye leso. Akamwamkia mgeni, akainama akachungulia viti.

"Mshono wa pembeni umevutika," akasema. "Niliujua utavutika."

"Wewe ndiye uliyeshona?" Mhindi akamuuliza. Akateremka. Akamfungulia mlango, akamwomba aketi. Mke wangu alikataa kwanza, mikono ina unga. Kisha akaketi, akanyoosha miguu, akaweka mikono magotini, akatazama mbele kama anayepigwa picha. Watoto wetu walizunguka gari wakimwita. Hakuwageukia.

Tulikunywa maji pale kivulini. Mhindi akaniambia jambo ambalo sikulitarajia. Alipokuwa na miaka thelathini, alikwenda Jego kudai pesa za mzigo wa vitambaa, akaliona gari lile uani, jipya. Alisogea kulitazama. Mwenyewe akatoka akamfukuza kwa mbwa. "Sikutaka gari," akasema. "Nilitaka kulitazama tu. Nikatazama mbwa." Alimaliza maji yake, akaomba aendeshe yeye kurudi. Aliendesha polepole kuliko punda, njia nzima.

Wiki ile ile Mtaliano alimwandikia daktari wa bara barua, akaniomba niikague Kiswahili chake. Alieleza kwamba kosa halikuwa la petroli. Daktari alikuja msimu uliofuata, akamkaripia kweli kweli, sauti nene ambayo Mtaliano hakuikosa hata neno, kisha akatuachia gari tena tulitazame breki.

Kazi ile haikudumu. Mwaka baada ya mwaka magari yale yalipungua. Wenyewe walihama nayo, au vipuri vikakosekana. Mahoteli yakaanza kujengwa Diani, nayo yalikuwa na jenereta na pampu zinazoharibika kila siku, na Mtaliano, aliyewahi kuwarudisha wenye malori ya nazi, akakubali kutengeneza jenereta za kila taifa. Alilalamika, lakini alizitengeneza. Kwenye kadi ya gereji aliandika jina lake na langu, la kwangu juu kwa sababu, alisema, mimi ndiye ninayeweza kujibu simu. Simu hatukuwa nayo.

Alifariki ghafla, asubuhi, akiwa anafunga mlango wa ua. Nilimshika mimi na seremala. Tulimzika pale walipozikwa Wakristo wengine wa kwetu. Mama yangu alidai apelekwe, akakaa mbele kabisa, upande wa sikio lake zima.

Miezi miwili baadaye ilifika barua yenye stempu ya Italia. Sikuweza kuisoma. Niliipeleka kwa padri mmoja aliyekijua Kitaliano, akanisomea polepole. Ilitoka kwa dada yake. Alikuwa hajamwona tangu vita. Alishukuru kwa habari ya kifo tuliyompelekea kupitia ubalozi wao, akauliza mambo machache, kama alikuwa mgonjwa, kama alikula vizuri. Mwisho aliuliza kama kule alikokuwa alikuwa na mtu wa kuzungumza naye.

"Nijibu vipi?" padri akaniuliza, kalamu mkononi.

Nilifikiri. Nikamwambia aandike kwamba tulikuwa pamoja miaka kumi na miwili, na kwamba kila siku ya kazi, isipokuwa siku nne, tulizungumza.

"Siku nne zipi?"

"Hizo zetu," nikasema.

Aliandika. Nikatia sahihi, nikabandika stempu, nikaipeleka posta kwa miguu.